Ngazi za Fatmabai

Kabla jua halijachomoza Mwalimu Mwanakheir Kificho alikuwa keshakwenda chooni mara tatu, na kila akitoka alihisi kama hakwenda. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Alikuwa amezaa watoto wanne, amesomesha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja huko Mkokotoni, amezika wazee wake wawili na ndugu mmoja, na katika yote hayo tumbo lake halikuwahi kumfanyia vitimbi kama vya asubuhi ile. Tena kwa jambo gani? Mbio za kilomita kumi tu, za mtu yeyote atakaye, pale mjini.

Alikuwa amelala Amani, kwa binti yake Mayasa, ili asipate tabu ya kutoka shamba alfajiri. Baada ya sala Mayasa alimwekea muhogo wa kuchemsha na chai ya tangawizi. Alikula vipande viwili akaisogeza sahani. Mayasa akambana namba kifuani kwa pini nne, ikakaa upande. Akaibandua, akaibana tena, ikakaa upande wa pili. Mwanakheir akamwambia aiache hivyo hivyo, maana hapendi kuchomwa na pini wala hapendi kuchelewa.

Hakuwa akiogopa kuanguka, wala kukosa pumzi. Alikuwa akiogopa kuwa wa mwisho. Watoto aliowafundisha kusoma sasa walikuwa wametapakaa mjini, wengine askari, wengine wauguzi, wengine wana maduka yao Darajani, na usiku kucha alikuwa akijiona anapita mbele yao peke yake, barabara tupu, na gari moja linamfuata taratibu nyuma kama linasindikiza maiti.

Habari ya mbio ilianza miaka miwili nyuma, alipostaafu. Daktari alimwambia sukari imepanda, basi atembee. Mumewe, Hafiz, alitembea naye wiki mbili za mwanzo kwa huruma, kisha magoti yakamkatalia. Yeye akaendelea peke yake. Siku moja mvua ilimkuta njiani, akakimbia kuikwepa. Mvua ikakatika, na yeye akajikuta bado anakimbia. Tangu siku hiyo ikawa kila baada ya alfajiri anatoka, suruali chini ya dera, ushungi ameufunga kisogoni, miguuni raba alizoletewa na mwanawe kutoka Dar. Mwanzoni watu walitoka milangoni kuulizana nani kafa, hata Mwalimu anakimbia. Baadaye wakazoea, na wengine wakawa wanampa salamu za kupeleka mbele, kwa kuwa alikuwa akifika upesi kuliko simu zao.

Hafiz alimwendesha mpaka Forodhani, na njia nzima alizungumzia pahala pa kuliegesha gari. Mwanakheir alijua kuwa naye ana hofu, ila hofu yake inatokea kwa njia ya gari. Walipofika walikuta umati wa fulana za rangi moja, muziki unapigwa kwa nguvu, vijana wanajinyoosha misuli kwa mitindo ambayo yeye hajawahi kuiona, na wageni wenye ngozi zilizokwiva kwa jua. Akatafuta kwa macho wanawake wa rika lake. Akawaona wawili, wanene kuliko yeye, wamevaa mabaibui mafupi na raba nyeupe, wanazungumza tangu amewaona na hawaelekei kunyamaza. Moyo ukamtua kidogo. Akajisemea, hawa wawili nisiwapoteze. Maadamu wako nyuma yangu, mimi si wa mwisho.

Hafiz akamrekebisha ile namba iliyokaa upande.

"Ukichoka, simama," alimwambia. "Hapana anayekufukuza."

Bastola ikalia, watu wakaondoka kama maji yaliyofunguliwa. Mwanakheir alingoja mpaka wale wenye haraka zao wakatangulia, akaanza taratibu, mdogo mdogo, kama anavyoanza kwao. Lakini miguu haikuwa miguu yake. Ilikuwa mizito, na kila aliyempita alidhani anamcheka. Walipita Mizingani, bahari ikiwa mkono wa kushoto, wakakaribia Malindi. Hapo akakaza macho mbele. Mkono wa kulia, baina ya duka la vipuri na nyumba yenye baraza ndefu, palikuwa na mdomo wa kichochoro, na alikuwa hataki kukitazama.

Kuna jambo hakumwambia Mayasa wala Hafiz. Alipoonyeshwa ramani ya mbio, kitu cha kwanza alichokitafuta hakikuwa milima wala vituo vya maji. Alikitafuta kichochoro kile. Yapata miaka arobaini alikuwa hajakitia mguu. Mjini alikuwa akija, sokoni, hospitali, kwa mwanawe, lakini kila njia ikimpeleka Malindi alitafuta nyingine.

Mwanakheir ni mtoto wa Tumbatu. Baba yake, mzee Kificho, alikuwa akivua, na pweza na papa wake wakavu alikuwa akimuuzia Akbarali, Muhindi mwenye duka la viungo pale Malindi. Akbarali alipofariki, duka likabaki kwa mkewe, Fatmabai. Mwaka ambao Mwanakheir alifaulu kuendelea na masomo mjini na baba yake hana jamaa wa kumuweka, Fatmabai ndiye aliyesema mtoto aje kwake. Nyumba ilikuwa kubwa, mwanawe wa pekee yuko ng'ambo, na yeye amechoka kula peke yake.

Mwanakheir alikaa pale miaka minne. Nyumba ilikuwa na ghorofa tatu, na jiko lilikuwa juu kabisa, kwenye roshani. Maji ya bomba siku zile hayakuwa na nguvu ya kupanda, yalikuwa yakifika chini uani tu. Basi kila asubuhi kabla ya skuli Mwanakheir alipandisha ndoo sita, na jioni sita nyingine. Ngazi zilikuwa za mawe, zimesimama kama ukuta, zina vidato arobaini na sita. Alivihesabu siku ya kwanza kwa kulia, na mwaka wa pili alikuwa akivipanda mbio akiimba. Fatmabai, aliyekuwa akishuka kwa kitako kwa ajili ya nyonga yake, alikuwa akimgombeza kuwa atavunjika, kisha anamuuliza leo amepanda kwa muda gani.

Mwalimu wa michezo hakujua habari za ndoo. Aliona tu msichana wa Tumbatu anayewaacha wenzake wote, akamtia katika mita mia nane za mashindano ya skuli, Uwanja wa Amaan. Tatizo likawa nguo. Sketi ya skuli ilikuwa ikimkwaza. Fatmabai akafungua sanduku, akatoa suruali nyeupe ya marehemu mumewe, akaikata, akakaa kwenye cherahani mchana mzima, miwani imemshuka puani. Uzi mweupe ukamwishia kwenye mguu wa pili, akamalizia kwa mwekundu.

Siku ya mashindano alikwenda mwenyewe. Mwanamke ambaye kwa miaka kumi hakuwa amevuka Darajani alipanda teksi na mwavuli wake na chupa ya chai, akakaa katikati ya watoto wa skuli, juani. Mwanakheir alikuwa wa pili. Alimfuata Fatmabai akilia, kwani alitaka kuwa wa kwanza. Fatmabai akammiminia chai, akangoja ainywe yote.

"Beti," alimwambia, kwa vile alivyokuwa akimwita, binti, "umekimbia vizuri sana. Lakini ulikuwa unatazama watu tu. Sasa kesho ukikimbia, tazama na njia."

Mwezi wa Disemba Mwanakheir alikwenda kwao likizo. Aliporudi Januari alikuta kufuli. Jirani akamwambia mtoto wa Fatmabai alikuja ghafla, kauza duka, kamchukua mama yake kwenda naye ng'ambo. Kabla ya kuondoka mama alisimama pale mlangoni kwa muda, akaacha salamu zake, na neno kwamba Mwanakheir asiiache skuli. Hakuiacha. Alihamia kwa ami yake, akamaliza, akawa mwalimu. Lakini mbio aliziacha siku hiyo hiyo, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Miaka ya tisini akasikia, kwa mtu aliyesikia kwa mtu, kuwa Fatmabai kafariki huko huko ugenini.

Kichochoro kikapita. Mwanakheir hakugeuza uso.

Baada ya Malindi, sijui kitu gani kikamfunguka. Labda ni pumzi iliyokuwa ikichelewa, ikamkuta njiani. Walipokwisha pita Funguni alihisi mabega yameshuka, mikono imelegea, na miguu ni ile ile ya Mkokotoni. Hewa ilikuwa bado ina ubaridi. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua kando ya njia aliinua kijiko kumsalimia, naye akainua mkono. Mbele yake walikuwa vijana wanne wenye raba mpya zinazong'ara, walioanza kwa mbwembwe pale Forodhani. Sasa mmoja ameshika kiuno na wengine wanatembea. Mwanakheir akawapita. Akawatolea salamu kwa adabu, wakamwitikia shikamoo kwa pumzi za kukatika, na hatua kumi mbele akaanza kucheka peke yake.

Alicheka mpaka Mtoni. Alizunguka pipa la kugeuzia karibu na magofu ya jumba la kale, akapewa maji, akanywa nusu na nusu akajimwagia usoni, ushungi ukalowa. Njia ya kurudi akawaona wale wanawake wawili wanakuja, bado wanazungumza, akawapungia kama watu wanaojuana siku nyingi. Alikuwa na furaha ya aina ambayo alikuwa ameshaisahau, ya mwili tu, isiyo na sababu. Akatazama njia kama alivyoambiwa zamani: miembe ya Mtoni, ukuta wenye chokaa iliyobambuka, paka amelala juu ya gunia, bandarini majahazi ya mizigo yanapakuliwa saruji. Kilomita moja ikapita hivi, ya pili, ya tatu.

Akafika Malindi. Kibao kilisema kilomita tisa. Imebaki moja tu, na mbele alikuwa akisikia tayari muziki wa Forodhani. Safari hii kichochoro kilikuwa mkono wake wa kushoto, na alikitazama.

Kwanza alipunguza mwendo. Kisha akasimama. Mtu aliyekuwa akigawa maji pale akamuuliza kama anaumwa, akamjibu haumwi, anakuja sasa hivi, na akaingia kichochoroni na namba yake kifuani.

Nyumba ilikuwa hoteli ndogo. Mlango ulikuwa ule ule wa kuchonga, umepakwa mafuta mpaka unang'aa kuliko zamani. Ndani, nyuma ya meza, alikuwapo msichana wa mapokezi, na kibati chake cha jina kiliandikwa Nusrat. Alipomwona bibi mzima amelowa, anahema, ameshika nguzo, alivuta kiti mbio na kuuliza amwite nani.

"Usimwite mtu, mwanangu," Mwanakheir alisema. "Mie nlikuwa nakaa hapa. Nataka kupanda ngazi tu, kisha ntaondoka."

Nusrat alimtazama, akatazama namba, akasema karibu.

Alipanda polepole, mkono ukutani. Kuta zilipakwa rangi ya krimu na kutundikwa picha, lakini mawe yalikuwa yale yale, yameliwa katikati kwa nyayo za watu, na mguu wake uliyajua yale mabonde kabla ya jicho. Alihesabu kwa sauti ndogo. Akafika juu na arobaini na tano. Akasimama, ametahayari, kama mtoto aliyekosea hesabu mbele ya darasa. Akashuka mpaka chini, akaanza tena. Arobaini na tano. Nusrat, aliyekuwa akimfuata nyuma kwa wasiwasi, akamuuliza anatafuta nini. Mwanakheir akamweleza. Msichana akafikiri kidogo, kisha akasema kuwa walipoijenga upya nyumba waliinua sakafu ya chini kwa ajili ya maji ya mvua. Kidato cha kwanza kipo, ila kiko chini ya saruji.

Jambo dogo kama hilo likampa faraja kubwa, hata akakaa pale pale juu kwenye kidato cha mwisho na machozi yakamtoka. Hayakuwa machozi mengi. Alimwambia Nusrat habari za ndoo, na za mwanamke aliyekuwa akishuka kwa kitako, na za uzi mwekundu. Msichana akasikiliza, akaketi kidato kimoja chini yake. Halafu akamwonyesha pale lilipokuwa jiko. Sasa ni pahala pa wageni kunywa chai, meza sita na mashada ya maua. Kutoka hapo roshani ilikuwa ikiona barabara.

Mwanakheir alisogea ukingoni akachungulia. Barabara ilikuwa karibu tupu. Chini yake walikuwa wakipita wale wanawake wawili wenye mabaibui mafupi, wanatembea mkono kwa mkono, na sauti zao zinafika mpaka juu. Nyuma yao hapakuwa na mtu.

"Ndio nshakuwa wa mwisho," alisema.

Alingoja ile hofu ya usiku imrudie. Haikurudi. Nusrat akamwambia akitokea mlango wa uani, kichochoro cha nyuma kitamfikisha Forodhani kwa dakika tatu, atawakuta wenzake. Mwanakheir akamshukuru, akasema hapana, yeye ameachia njia pale kwenye kibao cha tisa na ataishika pale pale. Msichana akamtoa mpaka barabarani, wakaagana kwa kupeana mikono, na Mwanakheir akaanza kukimbia tena na miguu iliyoganda kama mbao.

Hakwenda mbali, gari likaja nyuma yake. Lilikuwa pikapu ya kukusanyia vizuizi vya barabara, na aliyekaa nyuma, juu ya vile vizuizi, alikuwa kijana mwenye fulana ya wasimamizi. Alipomtambua aliruka chini. Alikuwa Borafya, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye hakumfundisha kuandika jina lake ila kwa taabu. Akamwamkia, akashtuka, akataka kujua mwalimu kapatwa na nini, kisha akaanza kumbembeleza apande, amebakiwa na kipande tu, watamshusha karibu na mwisho na hakuna atakayejua.

"Wewe utajua, Borafya," alimwambia bila ya kusimama.

Borafya akaligeukia lile gari. Akamwashiria dereva akae nyuma, na yeye mwenyewe akatangulia kuzuia pikipiki na mikokoteni iliyokwisha anza kurudi barabarani. Basi yakawa yale yale aliyoyaona usingizini: barabara tupu, yeye peke yake, na gari linamfuata taratibu. Ila usingizini hakuona namna watu wa barazani watakavyosimama. Mzee mmoja alivua kofia. Wanawake waliokuwa wakinunua samaki waligeuka, wakapiga vigelegele, mmoja akaanza na wengine wakapokea, vikamtangulia mpaka kwenye pembe. Naye alikimbia mgongo umenyooka, hana haraka, anatazama njia.

Pale mwisho lango la mpira lililojazwa upepo lilikuwa limekwisha funguliwa, linashuka taratibu upande mmoja kama ngamia anayepiga magoti. Muziki umezimwa. Msichana mwenye kapu la medali alikuwa keshalifunga kwa kamba, akalifungua tena. Mwanakheir alipita chini ya kile kilichobaki cha lango kwa kuinamisha kichwa.

Hafiz alikuwa amesimama hapo, uso umemparama. Alikuwa amewahesabu wanawake wote waliofika, mmoja mmoja, na alikuwa amekwenda kwenye hema la wauguzi mara mbili. Hakumgombeza. Alimshika mkono, akamkalisha kwenye ukuta wa bustani, akampa maji, na alipoona anakunywa kama mtu mzima wa afya yake ndipo alipomuuliza alikuwa wapi.

Walikuwa wameoana miaka thelathini na minne. Katika miaka hiyo alimwambia mambo mengi, na hili hakuwahi. Sasa akamweleza lote, tangu papa mkavu wa baba yake mpaka kufuli ya Januari. Hafiz alisikiliza akitazama bahari. Mwisho akauliza huyo mama kazikwa wapi. Mwanakheir akasema hajui. Hafiz akanyanyua mikono miwili, naye akanyanyua yake, wakasoma Fatiha kimya kimya, na watu wenye fulana za rangi moja wanapita mbele yao na juisi za miwa.

Kisha Mwanakheir akataka kuvua raba, vidole vilikuwa vikimuwaka moto, na hakuweza kuinama. Mgongo ulikataa. Hafiz akasema amwachie yeye. Akashuka chini kwa magoti yake mabovu, akafungua kamba za mguu wa kulia, akafungua za kushoto, akazivuta raba moja moja na soksi zake, akaziweka upande. Alipotaka kuinuka akashindwa. Akajaribu mara ya pili. Mwanakheir akampa mkono kumvuta, lakini na yeye hakuwa na nguvu iliyosalia, akavutika badala ya kuvuta, na ikabidi wakae hivyo kwa muda, yeye juu ya ukuta peku, mumewe chini ameshika magoti yake, wanacheka mpaka watu wanageuka, wakingoja mmoja wao apate nguvu za kumwinua mwenzake.